Shikio Jepesi la Bi Taratibu

Pale kwenye karakana ya vyombo vya majini walimwita Bi Taratibu, na mwanzoni lilikuwa jina la kejeli. Mafundi wengine wakishakaza nati ya mwisho hukimbilia chai. Yeye huketi chini ya tumbo la chombo, akilisukuma shikio, lile bamba la nyuma linalogeuza chombo majini, kwa kiganja huku na huku, sikio karibu na chuma. Likikwaruza hata kidogo, analifungua upya. Kejeli zilikufa zenyewe, maana chombo kilichopita mikononi mwake kinakwenda kinakoelekezwa.

Safari hii kilikuwa kivuko anachoendesha kaka yake, nahodha, na bega la kaka lilikuwa limekwisha. Shikio la zamani, bamba zima likiwa nyuma ya mhimili wake, lilibeba uzito wote wa maji; kila kona ilikuwa mieleka. Bosi wa kivuko alishatamka: asipoweza kuegesha salama, ahamie kukata tiketi.

"Tiketi! Bora nilale nyumbani," nahodha alisema, na wala hakuwa anatania.

Bi Taratibu akaunda shikio jingine, sehemu ya bamba ikitangulia mbele ya mhimili. Maji yakiisukuma sehemu hiyo, husaidia kuigeuza ya nyuma, na mkono wa nahodha unapumua.

Siku ya majaribio, bosi akiwa gatini na Bi Taratibu ndani ya kivuko, kando ya kaka yake, nahodha aliuzungusha usukani kwa nguvu zile zile za miaka yote. Kivuko kikakata kona kama kimechomwa sindano, kikaikosa nguzo ya gati chupuchupu.

"Umenifungia nini huko nyuma, wewe?" akafoka, jasho likimtiririka. "Sisikii kitu mkononi!"

"Ndiyo kazi yake, kaka. Achana na mkono, tazama pua ya kivuko."

"Leo unanifundisha kazi?"

"Nakufundisha shikio langu. Kazi ni yako. Vidole viwili, halafu ngoja."

Nahodha akamnunia. Akarudi nyuma, akaja tena, vidole viwili. Bi Taratibu alibana pumzi. Pua ikageuka, na kabla haijapitiliza nahodha akawahi kuurudisha usukani. Hilo hakufundishwa na mtu. Kivuko kikaegemea matairi ya gati kama paka anayejikuna.

Bosi akainua dole gumba, akaenda zake. Bi Taratibu akashusha pumzi, akasogea kumpongeza.

"Toka hapo, mdogo wangu," nahodha akasema, tayari akirudi kinyumenyume. "Unanizibia kioo. Nataka kujaribu na upande wa pili."