Abshiro wa Sabuni Hamwandikishi Tena Mtu

Saa kumi na mbili asubuhi, mara tu amri ya kutotoka nje inapokwisha, Abshiro Korane anatandika gunia sokoni Garissa. Anakata miche ya sabuni kwa waya, anapanga vipande, kisha anafua kitambaa cheupe katika karai la maji ya Mto Tana na kukianika kigingini. Baada ya hapo anakaa kimya.

Mama mmoja anasimama. "Ni nzuri?"

"Kitambaa kile pale. Tazama."

"Si uisifie kidogo?"

"Nilisifia mwaka jana, abaayo. Sifa zimeniishia."

Abaayo ni dada kwa Kisomali. Dada huyo anacheka, ananunua vipande viwili na kwenda zake.

Si kawaida kumwona mchuuzi akiogopa maneno. Lakini Abshiro, mwenye umri wa miaka thelathini na minane na watoto watano, anasema ulimi wake ulikaribia kumtia jela.

Alifika Garissa mwaka 1964, baada ya vita kati ya serikali na shifta, waasi wa kaskazini, kuwamalizia mifugo. Mumewe, Jama, alipata kibarua cha kupakua malori. Mshahara ulitosha unga. Chai na sukari zilikuwa za kubahatisha.

Ndipo msafara wa malori kutoka Nairobi ukamleta wakala mmoja wa sabuni, mwenye tai na maneno matamu. Alimweleza Abshiro kwamba kuuza sabuni ni kazi ya wajinga. Utajiri uko katika kuandikisha wauzaji. Yeye alete watatu, kila mmoja wao alete watatu, na yeye aliye juu apate fungu katika mauzo ya wote.

"Aliniambia nisikubali jibu la hapana," anasema Abshiro. "Alisema hapana ni ndiyo ambayo haijaiva. Na mimi nikakaa kuivisha watu."

Aliwaivisha harusini. Aliwaivisha kisimani. Siku moja alikwenda kumpa pole mjane, akamshika mkono, akalia naye, kisha akamnong'oneza kwamba kwa kuwa sasa hana mume, atahitaji kipato.

"Mjane aliacha kulia," anakumbuka, akijifunika uso kwa shash yake, kitambaa cha kichwani. "Alinitazama tu. Heri angenipiga."

Watu wakaanza kumkimbia. Shemeji yake akimwona hujilaza na kukoroma, viatu miguuni. Jirani yake Kaltun, aliyekuwa akimgawia maziwa kila jioni, aliacha hata kumsalimu. Abshiro alipobisha hodi, mama mkwe wa Kaltun alitoka akasema mkwewe amekwenda Liboi, mpakani.

Wakati huo hakuna aliyesafiri bila karatasi ya serikali. Abshiro akauliza, "Amekwenda kwa kibali gani?"

Bibi kizee akageukia ndani. "Kaltun! Anauliza, kwa kibali gani?"

Hata hilo halikumkomesha. Alikuwa amebakiza jina moja kutimiza hesabu ya wakala, akaliandika la Kaltun bila kumwuliza.

Wiki hiyo hiyo mtu alimsikia sokoni akimnong'oneza mwanamke: "Sasa tuko kumi na wawili. Kila mmoja alete watatu. Mzigo unakuja Jumanne. Usimwambie mumeo kwanza."

Mwaka ule, maneno hayo hayakuhitaji mfasiri: ilionekana anaandikisha shifta. Kabla ya adhuhuri askari wawili walikuwa mlangoni kwake. Walichukua daftari la majina, lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu alizojifunza duksi, yaani chuo cha Kurani. Kwa kuwa askari hawakuweza kulisoma, walizidi kuliogopa.

"Mzigo gani huo wa Jumanne?" akauliza inspekta, Mtaita mmoja aitwaye Mwandawiro.

"Sabuni, Bwana."

"Na hawa kumi na wawili?"

"Wa sabuni."

"Na hao watatu watatu?"

"Hao pia."

Anapoifikia sehemu hii Abshiro hacheki. Aliwajua watu walioitwa kuhojiwa asubuhi, wakarudi baada ya miezi. Aliwaza nani angewapikia watoto wake. Akalazimishwa kuyasoma majina, na waliokuwa daftarini wakaitwa mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakaapa kwamba hawamjui.

Wa mwisho aliitwa Kaltun. Alipoambiwa jina lake limo, alimgeukia Abshiro kwa macho makali. Neno lake moja lingetosha kummaliza jirani yake.

"Insbekta," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "huyu mama kama anaandika watu ya shifta, basi fita imekwisha. Shifta yote atakimbia. Mimi najua. Mimi nimekimbia yeye miezi mbili."

Askari wa mlangoni alikohoa kuficha kicheko. Inspekta hakujificha, alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akatoa shati lenye doa la mafuta ya gari, akaagiza maji. "Kama ni sabuni," akasema, "basi tuione."

Abshiro alifua, akasuuza. Doa likatoka. Inspekta akalinyanyua shati juani, akaridhika, akamwambia aende nyumbani.

"Hapo ningeondoka," anasema. "Walahi, mguu ulikuwa umeshatoka. Mdomo ukabaki. Nikamwuliza: 'Bwana Inspekta, una marafiki watatu?'"

Kaltun alimvuta kwa nguo hadi barabarani.

Kesho yake Abshiro alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi, akaanza kwa mjane. Kaltun alidai jina lake lifutwe mbele ya macho yake. Kwa kuwa hajui kusoma na hakutaka kudanganywa, daftari zima lilichomwa chini ya birika. Walikunywa chai hiyo pamoja, ya maziwa.

Wakala aliporudi, alimwambia anautupa utajiri. Abshiro alinunua miche kumi kwa fedha taslimu, akamtakia safari njema. Siku hizi, sokoni pakichangamka, hubaki na faida ya shilingi tatu.

Juzi mwanamke aitwaye Safiyo aliomba naye auze. Abshiro alimwambia akafikirie kwa wiki moja, kisha arudi akitaka. Hakurudi. "Na bado tunasalimiana," anasema Abshiro kwa fahari.

Njia zikifunguliwa, anataka kwenda Kotile kumwona dada yake, Arbia. Mwaka jana alimtumia wachungaji wa ngamia mara tano kumhimiza ajiunge. Mchungaji wa tano alirudi na jibu kwamba Arbia amehama na hajulikani alipo. Jibu hilo alilitoa Arbia mwenyewe.

"Nitakwenda mikono mitupu, anikague vizuri," anasema. "Nitakaa siku tatu. Neno sabuni hatalisikia."

Na siku ya nne?

Abshiro anakitazama kitambaa chake kigingini.

"Siku ya nne," anasema, "nitamfulia nguo. Kimya."