Mbuta wa Ghala la Pamba

Mwaka niliomaliza chuo kikuu, miaka ya tisini ikiwa ndiyo kwanza imeanza, nilipata kazi ya majaribio katika ghala la zamani la pamba karibu na bandari ya Kisumu. Mama mmoja aliyekuwa amerudi kutoka ng'ambo alilikodi, akapaka kuta zote rangi nyeupe, akasema litakuwa nyumba ya sanaa. Mimi nilipaswa kumtafutia mchoraji wa mtaani wa kuchora ule ukuta mrefu wa ndani kabla ya Jumamosi ya ufunguzi. Picha ikiwa tayari, nabaki kazini. Isipokuwa tayari, alisema kwa upole, tutaagana.

Nilizunguka mji kwa miguu, daftari mkononi. Nilikulia mji huohuo, na bado sijui nilikuwa natazama nini miaka yote ile. Kwenye vibanda vya vinyozi kulikuwa na vichwa vinne vinne vilivyogeukia upande mmoja, nywele zimenyooka juu kama sanduku. Ukuta wa kinu cha posho ulikuwa na hindi moja kubwa kuliko mlango. Nilipanda matatu hadi Usenge, ufukweni mwa ziwa, nikakuta maboti yamevutwa mchangani kando ya dagaa wa omena walioanikwa, kila boti na mistari yake ya nyekundu, kijani na nyeupe. Nilisimama pale muda mrefu mpaka mama aliyekuwa akigeuza omena akaniuliza kama nimekuja kununua boti. Nikamwambia natazama rangi tu. Akaniangalia kwa huruma, nami njia nzima ya kurudi nikajiuliza kama kustaajabu hivyo si dalili ya kwamba nina kasoro fulani.

Picha iliyonishinda kabisa ilikuwa mtaa wa Kaloleni, kwenye ukuta wa hoteli ndogo: kikombe cha chai ambacho mvuke wake ulipanda, ukazunguka dirisha, ukafika mpaka kwenye mabati. Aliyeichora alikuwa fundi wa makamo, ovaroli yake ina kila rangi iliyowahi kuuzwa mjini. Nilimweleza habari ya ghala, akakubali kuanza Jumatatu.

Hapo ndipo nilipokosea. Chuoni nilikuwa nimesoma kwamba msanii anahitaji utulivu. Kwa hiyo nilifunga lango lile kubwa na kumwomba mlinzi asiruhusu mtu yeyote kusogea. Jumanne fundi alichora mistari kwa chaki. Jumatano akaifuta. Kufikia Alhamisi asubuhi ukutani kulikuwa na mbuta mmoja, yule samaki mkubwa wa ziwani, mrefu kama boti, na fundi alikuwa amekaa juu ya debe la rangi akimtazama kama mgeni ambaye hajasema amekuja kufanya nini. Mimi nilikuwa nimeshaandika sababu tano: mwanga, ukuta, harufu ya pamba, chakula cha mchana, au labda nilimsalimia vibaya. Mwishowe nikamuuliza.

"Msomi," akasema, "hapa hakuna mtu wa kuniambia nimekosea."

Nikasema ninaweza kumwambia mimi. Akaniuliza kama nimewahi kumpasua mbuta hata mmoja.

Basi akanieleza anavyofanya kazi. Huanza kwa chaki, barabarani, mchana kweupe. Wapita njia husimama, hucheka, humtukana. Kinyozi hurekebisha nywele, mpishi hurekebisha sahani. Yeye hufuta na kuchora tena, na hagusi rangi ya mafuta mpaka watu wakose la kusema.

Mwenye nyumba ya sanaa alikuwa ameenda Nairobi, na aliniachia agizo kwamba mtu asiingie kabla ya ufunguzi. Nilizunguka ghala mara tatu nikiwaza agizo hilo. Kisha nikafungua mabawa yote mawili ya lango, upande wa barabara wanayopita akina mama wanaopeleka samaki sokoni.

Wa kwanza kusimama alikuwa mama mnene mwenye karai kichwani.

"Fundi, hiyo mbuta yako imefunga mdomo kama mtu ako kanisani."

Wenzake wakacheka. Fundi akauliza mdomo uweje. Mama akatua karai, akainua mbuta halisi na kumwonyesha jinsi taya la chini linavyotangulia. Fundi akafuta. Mzee mmoja mvuvi akasema magamba yale ni vigae vya nyumba, fundi akafuta tena. Wakabishana kuhusu mkia, nusu Kiswahili nusu Kijaluo, na chaki ikawa inakwenda kasi ambayo sikuwahi kuiona. Nilirudi nyuma hatua moja. Samaki alikuwa anaanza kuwa na uzito.

Mwenye nyumba ya sanaa aliwasili Ijumaa adhuhuri akakuta ghala limejaa watu, sakafu imelowa maji ya samaki. Nilianza kuomba radhi kwa sentensi ndefu.

"Mama, sogea kidogo," yule wa karai akamwambia. "Unaziba mkia."

Akasogea. Akatazama juu, na mkoba wake ukateleza kutoka begani bila yeye kuushika. Baadaye, bila kuniangalia, akasema Jumatatu nije kama kawaida.

Fundi alipaka rangi mchana huo wote na Jumamosi asubuhi, ubavu wa fedha, mgongo wa kijani cha maji ya kina. Wageni wenye tai walipoingia, akina mama wa samaki walikuwa wameshachukua nafasi za mbele. Mgeni mmoja akaniuliza kazi hii ina maana gani, nami nikaanza kumweleza habari za ukubwa na nafasi na historia ya maghala. Mama aliyekuwa mbele yetu akageuka.

"Nyamaza kwanza. Anaweka jicho."

Nikainua macho. Fundi alikuwa juu ya ngazi, brashi nyembamba mkononi, na ghala zima, wageni na wachuuzi, lilikuwa limeacha kupumua. Akaweka tone moja la manjano, akateremka. Hakuna aliyesema kitu. Nilitafuta neno la kuandika kwenye daftari, nikakosa, nikaliacha lifungike.