Siku Noreen Aliposema Ameshindwa

Ijumaa jioni halmashauri ilimpigia simu Noreen Tattersall. Binti yake Kerry amekutwa kazimia sakafuni kwa dawa za kulevya, na mtoto wake Tegan, wa miaka sita, yuko kwa polisi. "Utamchukua, mpenzi?" afisa aliuliza, maana kule kila mtu huitwa mpenzi. "La sivyo atalala kwa watu baki." Swali gani hilo! Bibi gani aseme hapana? Noreen alivaa koti juu ya aproni, akaenda.

Hapo ndipo walipomnasa. Wao wenyewe ndio waliomkabidhi mtoto, lakini baadaye wakageuka: eti hayo ni mambo ya kifamilia, bibi kajitolea, wao hawamo. Wangekiri, ingewapasa kumpa posho ya ulezi na kumtafutia nyumba. Maana Noreen aliishi chumba kimoja, kwenye nyumba za wazee kule Lancashire, Uingereza, ambako mtoto haruhusiwi kuhamia. Tegan alilala kitandani, bibi kwenye kochi, na asubuhi mgongo haunyooki.

Lakini tuseme kweli, Noreen naye alikuwa na lake. Watu wa kwao hufa na tai shingoni. Mgeni haonyeshwi shida. Kila Gemma, afisa wa ustawi, alipokuja, bibi huyu alipiga deki, akaficha blanketi za kochi kabatini, akatoa vikombe vya maua na biskuti nzuri.

"Mnaendeleaje, Noreen?"

"Hatujambo, mpenzi. Usijisumbue kwa ajili yetu."

Gemma akanywa chai yake, akaenda kuandika kwamba bibi anamudu. Kwa nini asiandike?

Sheila, jirani wa mlango wa pili, alimpasukia. "Wewe una wazimu! Unawalisha biskuti watu wanaokunyonga? Wenye nyumba wameshakupa notisi, mnatolewa nyote wawili. Waambie umeshindwa! Mficha uchi hazai, mwenzangu."

Noreen alilia sana siku hiyo. Kisha akapeleka malalamiko rasmi kwa halmashauri, kwamba wao ndio waliompa mtoto, na Gemma alipokuja tena hakuona kikombe. Alimkuta bibi kakaa juu ya blanketi zake, na gauni la kulalia mchana kweupe.

"Siwezi tena," Noreen alisema, uso ukimwaka kwa aibu. "Nimeshindwa. Nisaidieni."

Gemma alimshika mkono. "Umefanya vizuri kusema, mpenzi."

Wiki hiyohiyo wakaja kumchukua Tegan. Bibi kakiri kwa kinywa chake, walisema, na Kerry, ambaye hata leo ni siku gani hajui, ameshatia saini kuridhia. Noreen aliwapigia kelele mlangoni: aliomba msaada, hakuomba kunyang'anywa! Tegan akabebwa huku kashikilia aproni ya bibi mpaka kamba ikakatika. Walimpeleka mji mwingine, kwa walezi wa kulipwa. Lo! Posho aliyonyimwa damu yake, wakapewa watu baki.

Malalamiko yalichukua zaidi ya mwaka. Siku moja mkubwa wa idara akapiga simu, sauti laini kama siagi. Noreen alikuwa sahihi. Tangu Ijumaa ile mtoto alikuwa jukumu la halmashauri, na walipaswa kumsaidia bibi. Wanasikitika sana.

"Basi nirudishieni mjukuu wangu."

Hilo haliwezekani. Tegan ameshazoea kule, na kumhamisha tena kutamuumiza. Mnaona mambo hayo? Haki kapewa, mtoto hakupewa. Haki ya namna hiyo utaifanyia nini, uipakate?

Sasa humwona mara moja kwa mwezi, kwenye chumba cha halmashauri, na mwangalizi kakaa pembeni. Sharti ni moja: habari za malalamiko, na za jinsi Tegan alivyochukuliwa, zisitajwe mbele ya mtoto. Zikitajwa, ziara zinakatwa.

Juzi Tegan alikuwa anapaka rangi picha ya farasi. Hakuinua uso.

"Bibi, eti ulisema huniwezi?"

Noreen alimtazama mwangalizi. Mwangalizi akaacha kuandika, akamtazama yeye.

"Ndiyo, mpenzi," alisema. "Nilisema."

"Haya," Tegan akajibu, akatafuta rangi nyingine.