Sindano ya Mgongoni Aliyoikataa Mwanangu

Mjukuu wangu Blandina alianza kumwita jogoo "baba", na baba yake mzazi akamzaba kofi.

Msicheke. Majirani hapa Kansay walicheka sana.

Baba yake ni Thomasi, kitindamimba wangu, dereva wa watalii.

"Mama, unamdekeza," akaniambia. "Huyu msanii tu, hataki shule."

Msanii gani anaungua homa hivyo?

Jioni degedege likamwangusha. Ndipo tukakimbilia hospitali Karatu.

Daktari, binti wa Kimasai aitwaye Sinyati, akamnyanyua kichwa polepole. Shingo ikagoma, magoti yakajikunja yenyewe. Damu wakapima, malaria hakuna.

"Bibi, naona utando wa ubongo umevimba," akasema. "Naomba nichukue maji kidogo ya uti wa mgongo. Yakiwa na ukungu kama ya kuoshea mchele, kuna vijidudu. Maabara itatuambia ni vya aina gani, tujue na dawa."

Thomasi akaguna.

"Wote niliosikia wamechomwa mgongo walitoka hapa kwenye sanduku."

"Waliletwa wamechelewa, kaka."

"Na akipooza? Utakuja kumwogesha wewe?"

Nikampigia magoti mwanangu wa kumzaa, wodi nzima inatazama. Akaniruka kama dimbwi.

Daktari akamfuata mpaka getini, anamsihi mtoto apate walau dawa ya kuanzia. Wapi. Thomasi akamlaza mtoto kwenye gari la watalii, huyo, kwa mtu wa maombi.

Alimrudisha hospitali amekwisha kukakamaa. Dawa ilimwokoa roho tu. Masikio yamekufa, akili imebaki kidogo. Msichana mzima, namlisha uji kwa kijiko.

Hatujakaa sawa, Thomasi naye akashikwa. Kichwa kinapasuka, anatapika, mwanga hautaki.

Wodi ileile, daktari yuleyule.

Thomasi hakusubiri kuambiwa. Alijikunja kama mtoto tumboni, akampa mgongo.

"Dokta, nichome. Fanya haraka."

Maji yakatoka na ukungu. Dawa yake ikajulikana mapema. Akapona, hata kizunguzungu hana.

Juzi alikaa uani kwangu na madereva wenzake, anawapigia stori.

"Ile sindano mnaiogopea nini, wanangu? Haiumi, kama siafu tu."

Wakacheka wote. Blandina alikuwa pembeni yake. Hakusikia neno, ila alipoona wanacheka, naye akacheka.

Mzazi unayenisoma, dawa unayoweza kuililia kwa mwili wako, usimnyime mtoto.