Barua ya Kiatu

Siku ile tulikuwa wanne ofisini: mimi; mdogo wangu wa mwisho, mtoto wa miaka saba; mzee jirani yetu wa Samuye, aliyewapikia masista Wajerumani hospitalini kwa miaka mingi; na karani mkuu wa chama chetu cha ushirika cha pamba, Mzaramo, aliyekubali kufungua mlango Jumamosi mchana ili nitumie taipureta.

Niliacha shule darasa la sita, mwaka waliofariki wazazi wetu. Ofisini niliingia kama mfagizi, nikajifunza kupiga chapa kwa kuwatazama wengine. Mdogo wangu alikuwa na mguu mmoja mfupi, uliodumaa baada ya homa ya utotoni. Sista muuguzi aliyemtibu alituambia kabla ya kurudi kwao, "Akifikia umri wa shule niandikieni. Nitamtafutia kiatu chenye soli nene." Umri ulikuwa umefika. Shule ilikuwa mwendo wa saa nzima, hata kwa mwenye miguu iliyo sawa.

Sista aliongea Kiswahili, lakini kusoma alijua Kijerumani tu. Mzee alikijua, ila mikono yake ilitetemeka mno kushika kalamu. Na kesho yake alfajiri mwanawe, mchimba dhahabu, alikuwa anakuja kumchukua wakaishi wote Geita. Kwa hiyo ilikuwa leo au basi. Tulikuwa na karatasi moja ya barua ya ndege, ile ya buluu inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe, na posta ilikwisha fungwa.

"Andika u," mzee akasema. "Sasa iwekee vidoti viwili kichwani."

"Babu, mashine hii ni ya Kiingereza. Haina vidoti."

"Vitafute. Bila vidoti huo si mji wake."

Nikarudisha nyuma nafasi moja, nikagonga alama za usemi, zile zilizo juu ya namba mbili. Zikakaa juu ya u vizuri kabisa. Kwenye herufi kubwa ziliichoma herufi utosini, nikajifunza kuzungusha roli kidogo kwa mkono kabla ya kugonga. Kulikuwa na herufi nyingine kama B yenye mguu mrefu. Nikapiga B, nikaichorea mguu kwa wino. Mzee alisogeza uso karibu na karatasi, akatabasamu kama aliyeonyeshwa picha ya nyumbani kwake.

Tukaendelea, herufi kwa herufi. Alimuuliza sista ameamkaje. Akamuuliza habari za mama yake, za kaka yake, za ng'ombe wa kaka yake, za mvua.

Karani akashindwa kunyamaza. "Nyie Wasukuma! Mtamsalimia mpaka paka wa jirani?"

"Nyie Wazaramo mnaanza na kuomba," mzee akamjibu. "Ndiyo maana mnanyimwa."

Tulicheka wote, nami nikazidi kugonga. Nilipogeuza karatasi ilikuwa imebaki nafasi ya vidole viwili.

"Babu," nikasema, "na kiatu?"

Mzee akaiangalia karatasi. Karani naye akaacha utani.

Niliichomoa karatasi kwenye mashine, nikaitandaza sakafuni, nikamwambia mdogo wangu avue ndala.

"Dada, nitakanyaga maneno."

"Kanyaga."

Akaweka mguu wake mfupi juu ya zile salamu zote. Karani akanipa penseli, nikauzungushia taratibu, naye akibana midomo asicheke kwa kutekenywa. Kisha tukapanga vitabu vya risiti chini ya mguu ule mfupi, kimoja kimoja, mpaka kiuno chake kikawa sawa pande zote mbili. Urefu wa vitabu vile niliuchora kama mstari kando ya unyayo. Katika nafasi ya vidole viwili mzee alinitajia maneno machache tu: kiatu cha mguu huu, kimo cha soli ni huu.

Tulipotoka nilimwuliza mzee nimshukuru kwa kitu gani. Akakataa hata kuku.

"Sista akijibu, niletee barua nikusomee mimi mwenyewe. Asisome mtu mwingine."

Nikamwahidi.

Kiatu kilifika msimu wa pamba ulipokwisha. Kilikuwa cha kahawia, cha kamba, na soli yake ilitosha kabisa. Siku ya kwanza ya shule mdogo wangu alichelewa, kwa sababu kila aliyekutana naye njiani alitaka kukishika.

Ndani ya kiatu mlikuwa na barua ya kurasa tatu, yenye vidoti kila mahali.

Nilipopata nafasi ya kwenda Geita, niliambiwa mwanawe amehamia machimbo mengine na mzee amekwenda naye. Nimeuliza mpaka mjini Kharumwa. Nimeuliza kwa madereva wa mabasi ya Kahama. Mapadri wawili wamejitolea kunisomea, nikawashukuru, nikairudisha sandukuni. Kurasa zote tatu ninazo, na hazijasomwa na mtu.