Baba Mkwe Aliyesema na Mgomba

Sikuwa na homa, sikuwa na usingizi, na pombe sijaonja tangu nizaliwe. Nayasema haya mapema ili usinisumbue baadaye. Watu wakisimulia mambo ya namna hii huwa ni usiku na mbwa wanalia. Yangu yalinikuta saa saba mchana, nina panga mkononi na hasira kifuani. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, endelea na kazi zako, lakini mimi nilikuwepo na wewe hukuwepo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba imejaa soko la Tukuyu, na vijana wa kwetu Kawetele wanaacha chai kwenda kuchimba dhahabu Chunya. Mume wangu, Baba Subi, naye akaenda. Aliniachia mtoto wetu Subilaga na ahadi kwamba atarudi kabla mahindi hayajakomaa. Mahindi yakakomaa, yakavunwa, yakaliwa. Barua hakuna, salamu hakuna. Kisha akapita mtu akasema shimo moja huko limeporomoka, wamekufa watu, na baadhi ni Wanyakyusa. Majina hakuyajua.

Nilisali. Nilisali nikichuma chai, nikasali nikimenya ndizi. Miezi minane. Halafu nikaacha. Jumapili nilikwenda kanisani kama kawaida na midomo niliichezesha, lakini ndani sikusema kitu. Nilimnunia Mungu, kama unavyomnunia jirani uliyembishia hodi mpaka mkono ukauma, naye kimya. Hilo sikumwambia mtu, hata mama yangu mzazi.

Mama mkwe yeye alichoka kwa namna yake. "Mwanangu amelala porini bila kaburi," akasema, "mimi nitalalaje kitandani?" Akaita ukoo, wakapanga: Jumamosi tunamlilia. Mwili haupo, basi utazikwa mgomba badala yake. Sasa elewa. Mtu akishazikiwa mgomba, amekufa. Hata akibisha mlangoni kesho yake, watu watamkimbia. Na mimi ningekuwa mjane, maombi yamekwisha, maana nani anamwombea marehemu arudi salama?

Ijumaa shemeji yangu Ambakisye, mdogo wa mume wangu, akanijia. "Shemeji, shamba unalijua wewe. Nenda kachague mgomba ulionyooka, uuwekee alama. Kesho tutaukata sisi."

"Ulionyooka wa nini?" nikamwuliza. "Kaka yako ana matege."

Akacheka, halafu akakumbuka msiba, akaenda zake. Nikachukua panga nikaenda.

Hapa lazima nikueleze habari za baba mkwe, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Kwetu mwanamke haonani na baba wa mume wake. Si ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Ukimsikia anakuja unaacha njia, unaingia migombani, unachuchumaa na kujifunika kanga mpaka apite. Miaka tisa niliishi kaya moja na yule mzee na uso wake sikuuona hata siku moja. Nilimjua kwa fimbo yake na kikohozi chake. Akitaka kuniagiza, alikiambia kitu kingine, mimi nikisikia. "Wewe kinu, mwambie yule wa Ibighi mbuzi amekata kamba." Yule wa Ibighi ni mimi, nilizaliwa huko. Nami nilijibu hukohuko: "Kinu, sema nimesikia." Watoto walikuwa wakivunjika mbavu kwa kicheko. Tena hakuwa mtu wa kanisa. Kengele ikilia alimwuliza mbwa wake, "Leo tena wanataka nini?"

Siku ile ninayokusimulia, alikuwa na miaka minne kaburini.

Basi, ukungu ulikuwa umeshuka. Migomba ya karibu niliiona, ya mbele ilikuwa vivuli tu. Nikachagua mmoja kando ya njia, nikainua panga. Nikasikia fimbo kwenye mawe: ko, ko, ko. Halafu kikohozi. Vikohozi viwili vifupi, cha tatu kirefu.

Miguu yangu haikuniuliza. Nilishtukia nimechuchumaa, kanga usoni, panga chini. Unaona mazoea yalivyo? Mtu amekufa, na mimi bado nampisha njia.

Fimbo ikasimama. Ikanijia harufu ya ugoro.

"Wewe mgomba," sauti ikasema, taratibu, kama ya mtu aliyepita kuomba moto. "Nani kakuita msibani? Kaa hapohapo. Na umwambie yule wa Ibighi, huyo anayemnunia amwendee leo. Aende na hasira zake, asizifunike kanga."

Niamini, nilijibu! "Mgomba, sema nimesikia." Sauti yangu nikaisikia kama ya mtoto.

Kikohozi. Ko, ko, anashuka. Hapo ndipo nilipofanya kosa. Si hofu iliyonishika, ni kutaka kujua tu. Nikainua ncha ya kanga. Nikaona koti refu jeusi linaingia ukunguni. Likasimama, na mwenyewe akageuka.

Utaniuliza: alikuwa ni yeye? Nitajuaje? Uso wa baba mkwe sikuwahi kuuona! Niliona mzee aliyechekeshwa na kitu, meno mawili ya mbele hana. Kisha ukawa ukungu mtupu.

Sikwenda nyumbani. Nilishuka mpaka kanisani, mlango uko wazi, ndani hakuna mtu. Nikakaa benchi la nyuma, panga mapajani, nikamwambia Mungu yote. Kwa sauti. Sikusali kama kitabuni. Nilimgombeza. Nikamwambia, umenifanya niimbe kwaya huku naoza moyo. Nikalia mpaka kanga ikalowa. Alinijibu? Hakunijibu. Lakini unajua nyumba yenye mtu ilivyo, hata kabla mlango haujafunguliwa? Nilijua yumo. Kifua kikaniachia. Sikupata habari za mume wangu pale, nilipata nguvu ya kuendelea kumngoja.

Nikarudi, nikawakuta mama mkwe na Ambakisye jikoni. Nikasema, "Mama, baba alikuwa na meno yote?"

"Mwanamke wewe! Meno ya mkweo unayatakia nini?"

"Mawili ya mbele hana."

Mama mkwe akaacha kumenya ndizi. "Nani kakuambia?"

Ikabidi nikiri kwamba nimemtazama mkwe wangu usoni. Aibu ile sitaki hata kuikumbuka. Ambakisye akasema, "Labda uliwahi kusikia kwa watoto, shemeji." Labda. Lakini mama mkwe alikuwa ananitazama tofauti. "Alisemaje?" akauliza polepole.

"Alisema mgomba ukae hapohapo."

Akanitoza kuku wawili kwa kosa la kumtazama mkwe, na msiba wa Jumamosi akauvunja. Tangu jioni ile nikarudia kusali. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto.

Ilipita miezi mitano, akaja mama mmoja kutoka Chunya na shati la mume wangu. Baba Subi alitolewa shimoni hai, miguu imevunjika, hajui kuandika, hana wa kumtuma. Mama yule alimlaza kwenye mkeka wake na kumlisha kwa mkono. Mume wangu alikufa mwezi mmoja tu kabla ya mama huyo kuja kwetu. Umehesabu? Jumamosi ile tungemzika mtu anayepumua.

"Kila asubuhi alikuwa anasema, leo wameniombea nyumbani," mama yule akatuambia. "Mwisho wake ulikuwa mzuri, alikwenda ametulia. Ila kuna kipindi, kama miezi mitatu hivi, alilia sana. Alikuwa anasema, wamenyamaza. Sijui nimewakosea nini."

Miezi mitatu. Hakuna aliyemwambia mama yule kwamba niliacha kusali miezi hiyohiyo mitatu.

Mgomba ule ulizaa ukakatwa kama migomba yote, machipukizi yake bado yapo na ndizi zake nala. Njia ile napita kila siku na sijamsikia mtu tena, ingawa nasikiliza. Subilaga ni mtu mzima sasa, ananiambia, "Mama, miezi ile ulikuwa umechoka, usijilaumu." Sijilaumu. Ila nakuonya wewe unayesoma: shida ikikubana, kamgombeze Mungu, mlilie, mpigie kelele hata kwa panga mkononi, atavumilia. Usinyamaze tu. Hujui ni nani amelala kwenye mkeka wa watu, anatega sikio.