Kikohozi cha Baba Mkwe

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na tisa, ndipo shida zangu zilipoanza. Nilikuwa mke wa mtu, mama wa binti mmoja, nakaa kwa wakwe zangu chini kidogo ya mji wa Tukuyu. Shule niliishia darasa la nne. Nasema mapema ili mtu asije akatafuta maneno makubwa humu.

Mji ule waliujenga Wajerumani, wakaweka boma lao juu ya kilima. Wakaja Waingereza wakakaa humo humo. Tulipopata uhuru wakakaa wa kwetu. Walibadilika watu wa ndani, mvua haikubadilika. Machi hadi Mei inapiga mabati hata humsikii anayeongea na wewe. Juni na Julai ni manyunyu na ukungu, na baridi ya kuuma masikio. Kuanzia Agosti mawingu yanapanda, ndipo unauona mlima Rungwe wote, mgongo mpana kama wa ng'ombe aliyelala, na pembeni yake vilima vilivyokatwa vichwa. Wazee walisema vyote vilikuwa moto zamani. Ushahidi tulikuwa tunaukanyaga: udongo mweusi, laini, ukichomeka kijiti kinaota, na mawe mepesi yenye matundu, yanayoelea kwenye karai, tuliyosugulia visigino. Siku nyingine ardhi ilitikisika kidogo, vikombe vikagongana. Mama mkwe alikuwa anaviambia, "Haya, tumesikia," anaendelea kumenya ndizi.

Sasa mila. Kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe. Haongei naye, hatamki jina lake. Mkikutana njiani unaingia migombani, unainama, unafunika uso kwa kanga mpaka apite. Yeye naye ana wajibu wake: anakohoa kabla hajafika, ili upate nafasi ya kujificha. Miaka mitatu nilikula chakula cha mzee yule na sura yake sikuijua. Nilijua miguu yake, mipana, kidole gumba cha kushoto hakina ukucha. Na nilijua kikohozi chake. Kimoja kifupi, halafu kimoja kirefu. Maana yake, napita.

Wifi yangu mdogo alinifanya mchezo. Alijificha nyuma ya jiko akakohoa kama baba yake, mimi nikatupa sufuria nikakimbia.

"Wifi, leo utafika Mbeya!" akacheka mpaka akakaa chini.

"Ngoja uolewe wewe," nilimwambia. "Wa kwako atakuwa na mafua ya kudumu. Utaishi migombani kama nyani."

Siku yenyewe ilikuwa Julai, asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito: mgomba wa kwanza unauona, wa pili unauona, wa tatu unaukisia. Nilikuwa natoka mtoni na ndoo kichwani. Nikasikia kikohozi. Nikatua ndoo, nikaingia migombani, nikapiga magoti, kanga usoni, nikangoja apite.

Akakohoa tena. Nikajua hajapita. Nikasogea ndani zaidi, bega likaegemea mgomba uliokatwa. Akakohoa tena, na tena, kwa haraka. Nikasema moyoni, mzee leo ana hasira, anadhani bado nimesimama njiani kama mtu asiyefundwa. Nikainama mpaka paji la uso likagusa udongo. Kikohozi kikakoma. Nikafurahi, nikajua amepita. Nikangoja kidogo kwa heshima, nikachukua ndoo yangu, nikazungukia njia ya juu nisije nikamkuta mbele.

Ukungu ulipopanda walimkuta kando ya njia. Kutoka pale nilipotua ndoo ni hatua kumi na mbili. Nilizipiga mwenyewe baadaye.

Alizikwa uani siku ile ile. Mimi nilikaa nyuma ya wanawake wote, nimefunika uso, maana hata maiti sikuruhusiwa kuitazama. Mama mkwe alinipitia pale na macho yake mekundu. Akatazama magoti yangu, meusi. Akatazama bega la gauni, lina utomvu wa mgomba ambao ulikuwa umeanza kugeuka rangi.

"Nenda kaoge," alisema polepole. "Na gauni hilo lichome."

Hakuniambia zaidi mpaka anakufa. Na mimi sikumwambia mtu.

Mume wangu alikuja kutoka migodini Zambia kulia msiba, akarudi huko, ikawa basi, hata barua hakuleta. Nikamwacha mtoto kwa mama yangu, nikaenda Dar es Salaam kulea watoto wa Wahindi wenye duka. Walipohamia Wembley, Landani, wakanichukua. Nilipoachana nao nilifagia mabasi, nikafua mashuka ya hospitali, mwisho nikawa mtunza wazee majumbani huku Thamesmead. Binti yangu nilimleta kwa mikono hii. Hakuna aliyenishika mkono, na sikumwomba mtu anishike.

Lakini Novemba ya Landani inanijua. Manyunyu ni yale yale. Asubuhi ukungu unatoka mtoni unafunika maghorofa, nasimama dirishani natafuta mlima, na huku mlima hakuna hata wa kudanganyia. Mtu akikohoa nyuma yangu kituoni, mguu unatoka wenyewe, naondoka njiani, nageuza uso ukutani. Basi limeniacha zaidi ya mara moja. Kazini ilikuwa kinyume. Mzee akikohoa chumba cha juu, kabla hajakohoa mara ya pili nimeshafika kitandani kwake. Wasimamizi walinisifu, wakasema nina moyo wa kazi. Niliwaacha waseme.

Mwaka jana wifi yangu, yule yule wa nyuma ya jiko, alinitumia picha kwa mkono wa msafiri. Aliandika juu ya bahasha kuwa ni ya baba mkwe, enzi zile akiwa mpishi wa mkubwa wa Kiingereza pale bomani. Niliitoa kwenye bahasha kwa mgongo wake, nikailaza kifudifudi kwenye droo.

Mjukuu wangu aliikuta. Huyu Kiswahili anakisikia chote, ila anajibu kwa Kiingereza. Akauliza ni nani huyu na kwa nini amelazwa hivyo. Nikamwambia ni baba wa babu yako. Akauliza kwa nini simtazami.

"Mimi ni mkwe wake," nikasema.

Akacheka. Alipoona sicheki, akairudisha kwenye droo taratibu.

Jumapili ile nikampigia wifi.

"Umeiona picha?" akauliza.

"Ninayo."

"Sikukuuliza kama unayo."

Ulimi wake haujazeeka. Basi nikamwambia. Ndoo, kanga, migomba, kikohozi, hatua kumi na mbili, yote. Nilipomaliza nikasikia mvua kwenye mabati yake.

"Tulijua," akasema. "Mama alituambia kabla hajafa."

"Mbona hamkuniuliza?"

"Tulikungoja useme mwenyewe. Miaka yote hiyo, wifi, kila tukifyeka kaburi tunasema labda safari hii atasema."

Nikahamishia simu sikio la pili. 

"Unasikia?" akasema. "Alikufa hajafika sitini. Wewe sasa ndiye mkubwa wake. Kamtazame."

Nilikata simu, nikafungua droo.

Vitu nilivyonavyo leo ni hivi. Nyumba ya vyumba viwili Thamesmead, ghorofa ya pili, ni yangu. Cherehani, kabati la vyombo, viti sita. Kiwanja chini ya Rungwe chenye migomba na kahawa kidogo, anakiangalia wifi. Jiwe moja jepesi la kusugulia visigino. Gauni moja lenye doa begani, sikulichoma. Na picha ya mwanamume kwenye ngazi za boma, mlima nyuma yake hauna wingu, masikio makubwa kama ya mume wangu, mdomo umefungwa. Nimeisimamisha juu ya kabati sebuleni, imetazama mlangoni.

Simkimbii tena. Lakini kabla sijaingia, nakohoa.